Nafasi ya Kasereka

Waliponiomba niseme neno kwenye matanga ya Abbé Rigobert, nilikubali upesi kuliko inavyomfaa mwanamke wa umri wangu. Nani mwingine angesema? Zaidi ya miaka ishirini nimefanya kazi katika maabara yake hapa Butembo, nikimpelekea chai ya maziwa kila asubuhi na kumkumbusha alikoweka miwani. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima wa maneno mazuri: mwalimu wa fizikia, padri mpole, baba wa wanafunzi. Mvua ilikuwa imeacha maji juu ya maturubai uani mwa parokia, na wanaume walikuwa wakiyasukuma kwa fimbo ili yasitumwagikie. Hapo ndipo nilipomwona Halima. Alikuwa ameketi safu ya nyuma, mtandio mweusi kichwani, mikono juu ya magoti, mnene kidogo kuliko zamani, naye ananitazama moja kwa moja. Sikuwa nimemtia machoni tangu mwaka ule. Niliukunja ukurasa wangu, nikautia kwenye mkoba.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikotoka hakuna anayehitaji kujua. Inatosha kusema nilikuwa natengeneza simu kwenye kibanda kando ya soko, na siku moja Abbé alisimama akanitazama nikiunga waya mwembamba kama unywele. "Weye, hii mikono yako, juu ya nini unaipotezea hapa?" aliniuliza. Nikamjibu, "Naganga simu, Abbé." Akasema, "Kesho kuya kwangu. Utaganga jua." Nilidhani mzee wa watu ameanza kuchanganyikiwa. Kumbe marafiki zake wa chuo kimoja cha Ulaya walikuwa wamemtumia sanduku: darubini ndogo, kioo cha kuchana mwanga, kamera, na nyuzi saba za kioo, zile wanazoziita fibre. Alinieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa. Mwanga wa jua ukipita kwenye kioo kile unafunguka rangi kwa rangi, na ndani ya rangi mna mistari myembamba myeusi. Upande wa jua unaotujia unaisogeza mistari hiyo kidogo huku, upande unaotukimbia unaisogeza kidogo kule. Kwa hiyo ukiweka nyuzi zitazame sehemu mbalimbali za uso wa jua, utaliona likizunguka, nawe umekaa zako Butembo. Chombo hicho kinaitwa spectrographe. Sisi tuliita mashine, basi.

Darubini ilikaa uani, ndani ya kibanda cha mabati chenye paa la kufunguka. Mashine ilikaa upande wa pili wa ukuta, katika chumba ambacho zamani mapadri waliwekea maharagi yaliyotoka Musienene. Tulikipaka rangi nyeusi kuta zote mpaka dari, lakini harufu ya maharagi haikutoka, na mpaka leo nikisikia harufu ya gunia la maharagi moyo unanienda mbio. Nyuzi zilipita kwenye shimo la ukuta. Upande wa kibandani kila uzi uliingia kwenye tundu lake ndani ya kichwa cha shaba: tundu moja katikati, sita kulizunguka. Upande wa chumba cheusi nyuzi zilezile zililazwa mstari mmoja, kila uzi kwenye kijifereji chake, wa kwanza hadi wa saba, na kamera ikaona mistari ya rangi, mmoja chini ya mwingine. Kazi yote ilikuwa hapo: uzi ulale sawasawa, usiiname hata kwa unene wa vumbi, na ulio namba nne huku uwe namba nne kule. Tuliushika kwa koleo ndogo, tukavuta pumzi, hatukukohoa. Gundi ilikuwa ya machupa mawili ya kuchanganya, na ikishakauka haikuwa na msamaha.

Mimi nilikuwa kibandani. Chumba cheusi kilikuwa cha Halima, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, binti wa familia ya Kiislamu ya Beni, watu wa malori. Mashine ndiyo ilikuwa mémoire yake, kazi ya kumalizia masomo. Tulipanga chumba kimoja kwa mama mmoja aliyetoka Vuhovi: vitanda viwili, jiko moja la makaa, dirisha lisilofunga vizuri. Asubuhi alitandika mkeka wake wa kuswali katikati ya vitanda, nami nikanyanyua miguu bila kufungua macho. Jioni tulisonga bugali na kupika sombe, majani ya muhogo, akanichokoza kila siku ya Mungu. "Hii sombe yako, ya Kavira, hata mbuzi ya kwetu Mulekera ingekataa," alisema, halafu akala mpaka akakwangua sufuria. Alikuwa mdogo wangu kwa mwaka mmoja tu, lakini aliniita ya, dada mkubwa, tangu siku ya kwanza, na mimi nilipenda kuitwa hivyo kuliko nilivyoonyesha.

Tulifanya kazi kwa kuitana. Nilimulika uzi mmoja kwa tochi upande wangu, nikaita, naye gizani akaona ncha ipi inawaka, akaichukua na kuilaza. Sikuita kwa namba. Kwetu Wanande mtoto wa kiume anazaliwa jina likimngoja: wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa, wa saba Ndungo. Mimi nimezoea kuhesabu hivyo hata viazi. Basi nilipiga kelele "Paluku!" na Halima akajibu kutoka ndani, "Paluku amelala!" Tukacheka. Abbé akipita na breviari, kitabu chake cha sala, alitikisa kichwa, akasema hajawahi kuona maabara inayofanana na nyumba ya uzazi. Kuna jambo moja tu sikumweleza Halima, kwa sababu kwangu halikuwa jambo la kuelezwa. Kasereka akifa angali ananyonya, anayezaliwa nyuma yake haitwi Kasereka. Anaitwa Kakule. Marehemu ana nafasi yake, na nafasi hiyo haikaliwi na mtu.

Siku ya kutia gundi, uzi wa tatu ulinikatikia mkononi. Niliukunja kona kwa haraka, ukavunjika bila hata mlio. Nilikaa chini nikashika kichwa. Abbé alivumilia, akasema ataandika barua tuletewe mwingine, na kwa sasa tuendelee na sita, kwa sababu jua halitungoji. Nikarudi kibandani. "Paluku!" Amelala. "Kambale!" Amelala. "Kakule!" Halima akauliza kupitia shimo la ukuta, "Na Kasereka?" Nikasema, "Kasereka hayuko tena. Endelea." Akasema sawa. Mimi niliacha tundu la tatu wazi, nikamtia Kakule kwenye la nne, Katembo la tano, mpaka Ndungo kwenye la saba. Halima yeye alikuwa mtoto wa malori. Tangu utoto amesikia kwamba nafasi ikibaki wazi katikati, mzigo unatembea na gari linalala ubavu. Unabananisha, na kilichochelewa unakitia mkiani. Basi akambana Kakule kwenye kijifereji cha tatu, Katembo cha nne, akaacha cha saba kwa ajili ya Kasereka atakapokuja. Na aliamini mimi nimefanya vilevile upande wangu, kama vile mimi nilivyoamini amefanya kama mimi. Hakuna aliyeuliza. Nani anauliza kitu anachokijua?

Miezi ilipita hivyo. Kulipokuwa na jua tulipima, kulipokuwa na ukungu Halima alipiga hesabu kwenye kompyuta inayozimika kila umeme ukiyumba. Kulikuwa na siku za mji kufungwa, matairi yakichomwa barabarani, nasi tukakaa chumbani tukila viazi bila chumvi na kusikiliza risasi za mbali tukibishana kama ni risasi au bati. Barabara ya Beni ilikuwa na siku zake za kupitika na siku zake za msiba, na Halima akipigiwa simu kutoka nyumbani alikuwa anasimama wima kabla ya kuipokea. Lakini kazi ilikwenda. Mwishoni hesabu yake ilisema jua linazunguka kweli, ila limeinama upande, kimshazari, kama gari lenye tairi moja bovu. Abbé alizikuna ndevu zake. Akasema huenda ni darubini yetu, haikusimikwa wima. Alikuwa na furaha mno kuuliza zaidi. Mémoire ikachapwa nakala tatu, ikashonwa, ikawekewa jalada la bluu.

Jumamosi, siku mbili kabla ya kutetea kazi mbele ya jury ya maprofesa, Halima alikwenda kusuka nywele, nami nikaingia chumba cheusi kupuliza vumbi ili wageni wakute mashine safi. Sikuwahi kushika upande ule. Nilifungua kifuniko, nikainama na lenzi ya kukuzia, na kwa mazoea nikaanza kuhesabu: Paluku, Kambale... Kijifereji cha tatu kilikuwa na mtu. Nikahesabu tena. Cha saba ndicho kilikuwa wazi. Ee Mungu wangu! Jua halikuwa limeinama. Kuanzia uzi wa nne, kila kipimo cha Halima kilikuwa kimeandikwa jina la jirani yake. Kitabu kizima cha bluu kilikuwa kimekosea kuanzia ukurasa wa hesabu, na mimi ndiye mtu pekee duniani aliyejua.

Ningemwambia. Nilitoka nikiwa nimeamua kumwambia. Lakini Jumapili baada ya misa baba yake Halima, Mzee Swedi, aliwasili kutoka Beni, kofia nyeupe, vumbi mpaka kwenye nyusi, na Abbé akanituma chai sebuleni. Nilikuwa mlangoni na sinia nikamsikia. Alikuwa anasema kwa upole, na huo upole ndio ulinitisha. "Abbé, miye nakuheshimia sana. Mais mwaka mumoja nilisema, na mwaka mumoja imeisha. Dépôt ya mizigo kule Mulekera iko bila mutu. Barabara hii, sitaki mutoto yangu aipite tena na tena. Kama kesho anashinda, sawa, aendelee na masomo, nitanyamaza. Kama hapana, nitamubakishia kiti mu cabine ya lori, anapanda na miye ile siku." Abbé akajibu, "Atashinda, Mzee. Kazi yake iko safi." Niliingia nikamimina chai, na nilimimina mpaka ikafurika kwenye kisahani.

Sasa fikiria. Nikimwambia Halima, atakwenda kwa Abbé palepale, namjua, hakuwa mtu wa kukaa na uongo mdomoni. Abbé ataahirisha mpaka kikao kingine, na hakuna kikao kingine, kuna kiti kwenye lori. Nikinyamaza, nani atajua? Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na leo nakiri kulikuwa na sababu nyingine chini yake: ni mimi niliyeuvunja uzi, ni mimi sikusema nimeacha nafasi, na kazi ile ndiyo ilinitoa kibandani sokoni. Jioni ile Halima alipika yeye, samaki wa makayabu, wale wa chumvi, na viazi. Alikuwa ananisomea utangulizi wake huku akigeuza samaki, akikosea kwa hofu, akianza upya. "Ya Kavira, hausemi kitu. Iko mubaya?" Nikasema, "Iko muzuri. Soma tena." Alisoma mara nne. Samaki waliungua upande mmoja, tukawala hivyohivyo.

Jumatatu ukumbi ulijaa. Mzee Swedi alikaa mbele, mikono juu ya fimbo. Rais wa jury alikuwa profesa mgeni, mtu mkavu, asiyetabasamu, ambaye alikuwa ameweka kidole kwenye ukurasa mmoja tangu mwanzo. Halima alizungumza vizuri ajabu. Sauti ilimtetemeka dakika mbili tu, halafu akasahau watu, akawa anaongea na jua lenyewe. Tuliwapeleka kwenye chumba cheusi, wakabanana ukutani, na kwenye ekrani ya kompyuta ikatokea mistari sita ya rangi. Profesa akauliza, "Mademoiselle, nani ananihakikishia kama mustari ya ine inatoka kweli kwa fibre ya ine?" Halima akamjibu bila kusita, "Tufunike fibre ya ine kule inje, profesa. Mustari ya ine itazima." Abbé akanigeukia akitabasamu. "Kavira, enda ufunike ya ine."

Kutoka chumba kile mpaka kibandani ni hatua kama kumi na tano. Jua lilikuwa kali, paa limefunguliwa, kichwa cha shaba kinang'aa. Nilishika sindano yenye kibandiko cheusi nchani, ile tuliyofunikia nyuzi. Nikimfunika Kakule, ambaye ndiye wa nne kweli, mstari wa tatu utazima, na Halima ataanguka mbele ya baba yake bila kujua hata kilichompiga. Nikimfunika Katembo, mstari wa nne utazima, na wote watapiga makofi. Hakuna aliyeniona. Kupitia shimo la ukuta nilisikia kikohozi cha Mzee Swedi, na Halima akiita, "Ya Kavira, uko tayari?" Jasho liliniingia machoni. Ningeweza hata wakati ule kurudi ndani nikasema, Subirini, kuna kosa, na kosa ni langu. Maneno yalikuwa mafupi tu. Nikamfunika Katembo.

Makofi yalivuma mpaka mabati yakatetemeka. Walimpa alama ambazo hazijawahi kutolewa pale kwa msichana. Mzee Swedi alilia, mtu mzima, hadharani, akachinja mbuzi wawili uani na kumwita kila mpita njia aje ale. "Mutoto yangu ameona jua inazunguka!" aliwaambia wenye pikipiki waliosimama kuangalia. Kiti cha kwenye lori kilirudi Beni kitupu. Halima alinikumbatia mikono yake ikinuka mafuta ya mbuzi, akaniambia bila mimi asingefika. Nilikula nyama. Nasema nilikula, na ilikuwa tamu, na nililala usingizi mzuri.

Wiki chache baadaye uzi mpya ulifika. Nilikuwa sokoni, na Halima hakuwa na subira, akaenda mwenyewe kibandani kuutia kwenye tundu la saba. Akamkuta Ndungo amekaa humo. Akatafuta, akaona tundu lililo wazi ni la tatu. Hakuhitaji mtu wa kumchorea. Niliporudi nilimkuta jikoni, ameketi kwenye kigoda changu, na kisu cha viazi mkononi bila kiazi. "Ile siku ya jury," aliniuliza, "ulifunika nani?" Nilijaribu kucheka. Akarudia, "Ya Kavira. Ulifunika nani?" Nikasema, "Katembo." Akakiweka kisu chini. Halafu, "Donc ulijua." Nikasema, "Tangu Jumamosi. Nilitaka kukusaidia, Halima. Baba yako alikuwa na kiti..." Hapo ndipo alipopiga kelele, mara ya kwanza na ya mwisho. "Kama ungeniambia Jumamosi, ningesimama mbele yabo niseme mwenyewe! Ni hesabu ya siku mbili, ya Kavira! Siku mbili! Kosa inakuwa yangu na usahihisho inakuwa yangu. Sasa niko na nini? Niko na makofi!"

Siku mbili za hesabu. Wallahi, kama anavyosema yeye, sikuwahi hata kulifikiria hilo. Mimi nilikuwa nimeona milango miwili tu, lori au uongo, na wa tatu nilimfungia mimi mwenyewe.

Asubuhi yake alikwenda kwa Abbé. Nilimfuata mpaka nje ya bureau, ofisi yake, nikasimama chini ya dirisha. Alisema jedwali lake limekosea, alieleza tundu na kijifereji, kila kitu kwa mpangilio. Abbé akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: iliwezekanaje basi mstari wa nne ukazima? Kumbuka kwamba mistari kwenye ekrani ilikuwa sita. Wa tatu ukihesabu kutoka juu ni wa nne ukihesabu kutoka chini. Halima akasema, "Niligeuza picha mu ekrani, Abbé. Chini juu." Abbé akauliza, "Kwa makusudi?" Nilingoja aseme jina langu. Wakati huohuo nilingoja miguu yangu initembeze mpaka mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, ningeingia bila hata kubisha. Halima hakujibu kitu. Abbé akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mutoto wangu, umeniumiza."

Jury ilifuta alama. Kosa la hesabu lingesamehewa, udanganyifu haukusamehewa. Mzee Swedi alikuja na lori, na safari hii hakunywa chai. Watu waliokula mbuzi wake walisimama barazani wakitazama. Halima alikunja mkeka wake, akafunga sanduku, nami nikasimama katikati ya vitanda nikirudia, "Nitasema, Halima, nitaenda kusema." Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu. "Utasema wakati gani?" aliuliza, akapanda. Niliwaza kwenda kesho yake. Halafu baada ya Pasaka. Halafu Abbé alipougua mara ya kwanza nikasema nisimwongezee. Tulitengeneza mashine upya, tukajaza tundu la tatu, na wanafunzi wengine wengi wakaliona jua likizunguka wima kabisa. Kila mwaka, akiwaonya wasidanganye, Abbé aliwasimulia habari za msichana mmoja wa Beni mwenye akili kuliko wote aliowafundisha, aliyegeuza picha. Hakumtaja jina. Mimi nilikuwa nasimama nyuma na birika.

Basi ndivyo nilivyofika mbele ya maikrofoni uani mwa parokia, bila karatasi. Dakika tano walizonipa sikuzimaliza. Nilisema kwamba msichana wa Beni hakugeuza picha. Nilisema aliyedanganya jury ni mimi, kwa mkono wangu, na kwamba alijitwika uongo wangu ili nisifukuzwe, nami nikamwacha aubebe. Nikamtaja jina lake lote, na la baba yake, ambaye niliambiwa amekwisha kufa. Watu hawakujua wafanye nini. Mmoja alianza kupiga makofi, akaacha. Padri aliyeongoza akashukuru haraka, akaita kwaya. Nilirudi kwenye kiti changu na, nisiwafiche, nilijisikia mwepesi, hata nikajipongeza kidogo moyoni.

Halima alikuja nilipokuwa nimekaa. Nilisimama. Nilidhani atanikumbatia, nikainua mikono, nikaishusha.

"Umesema muzuri," alisema. "Batu bote bamesikia. Ni yeye Abbé tu hakusikia. Miaka yote ile, kila asubuhi na chai yako, alikuwa na masikio mbili."

"Nilikuwa na woga, Halima."

"Najua." Alitazama jeneza, maua ya plastiki, wanawake wakiimba. Macho yake yalikuwa makavu. "Alikufa akisema miye ni mwongo. Na papa yangu pia. Leo umeambia batu ya Butembo, batu hata hawanijue. Miye, tangu ile siku mu jikoni, haujaniambia kitu."

Kwaya ilimaliza wimbo, ikaanza mwingine. Dereva wake alikuwa getini ameshika mlango wa gari, nami nikajua kabisa kwamba akipanda sitamwona tena maishani.

"Miye bado niko na masikio," Halima akasema. Akavuta kiti cha plastiki, akaketi, akapanga mtandio wake, akangoja. "Anzia Jumamosi."

Nikakaa mbele yake, magoti yetu yakikaribia kugusana, nikamwambia nilivyofungua kifuniko.